Ufufuo, toharani na kiyama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu tofauti za Wakristo

Haya ni maswali ambayo mapadre, wachungaji, makatekista na wazee wa kanisa huulizwa kila kunapotokea msiba, mara nyingi na watu wa familia moja wanaosali makanisa tofauti. Kila jibu linajitegemea. Jambo lililokwisha kuelezwa hatulirudii. Tunataja namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Je, Wakristo wote wanaamini kwamba wafu watafufuka?

Karibu wote. Kanuni ya Imani ya Mitume inataja ufufuo wa mwili, na ile ya Nikea iliyokamilishwa Konstantinopoli mwaka 381 inamalizia kwa kungojea ufufuo wa wafu. Makanisa ya zamani hukiri moja au zote mbili ibadani hadi leo. Wapentekoste na Wasabato hawana mazoea ya kuzikariri, lakini fundisho lenyewe wanalo.

Wanapoachana ni kwenye kipindi cha katikati: tangu mtu anapokata roho hadi siku ya kufufuliwa, yuko wapi na katika hali gani? Tumwombee au tusimwombee, anatusikia au hasikii, ameshafika au amelala: mabishano hayo yote ya msibani chimbuko lake ni hapo. Anayebishana na ndugu yake kuhusu toharani (swali la 8) kabla hawajakubaliana kama roho inaishi nje ya mwili anapoteza muda.

2. Kufufuka na roho kwenda mbinguni si kitu kimoja?

Hapana. Roho kwenda mbinguni ni habari ya mara tu baada ya kifo, kwa wale wanaoiamini. Ufufuo ni mwili kupewa uhai siku ya mwisho, uhai usiokufa tena. Ndiyo maana Lazaro wa Bethania, binti Yairo na Dorkasi wa Yafa hawahesabiwi hapa: walirudishwa kwenye maisha haya haya, na kifo kikawarudia baadaye. Paulo anamwita Kristo "limbuko lao waliolala" (1 Wakorintho 15:20), yaani wa kwanza wa mavuno ambayo bado hayajaingia ghalani.

Mahubiri mengi ya mazishi hujikwaa hapa. Humfikisha marehemu mbinguni na kuishia hapo, kana kwamba mwili uliomo jenezani umeshamaliza kazi yake. Sura nzima ya 15 ya Wakorintho wa kwanza inapinga wazo hilo.

3. Agano la Kale linafundisha ufufuo?

Kwa uchache, na kwa kuchelewa. Sehemu kubwa yake inasema wafu wote, wema kwa wabaya, hushuka kuzimu, mahali pa giza na ukimya. Andiko lililo wazi kuliko yote ni Danieli 12:2. Isaya 26:19 na Ayubu 19:25-26 hutajwa pia, ingawa Kiebrania cha Ayubu pale ni kigumu na wataalamu hawajakubaliana.

Enzi za Yesu Wayahudi walikuwa wangali wanabishana: Mafarisayo waliukubali ufufuo, Masadukayo wakaukataa (Matendo 23:8). Masadukayo walipomletea Yesu kisa cha mwanamke aliyeolewa na ndugu saba kwa zamu, hakuwajibu kwa Danieli. Aliwajibu kwa Kutoka 3:6, kutoka vitabu vya Musa ambavyo nao walivishika.

## Kati ya kifo na kiyama

4. Marehemu yuko wapi sasa hivi?

Kwa Wakatoliki, roho huhukumiwa mara mtu anapokufa. Papa Benedikto XII alilitangaza hilo rasmi mwaka 1336: waliotakata humwona Mungu tayari, bila kungoja siku ya mwisho, waliokufa katika dhambi ya mauti huenda motoni, waliokufa katika neema lakini bado wanahitaji kutakaswa hupitia toharani (swali la 8). Siku ya mwisho roho itaungana na mwili, na hukumu itatangazwa mbele ya wote.

Waorthodoksi wako karibu na hapo, ila hawapendi kuchora mipaka: roho huonja mapema furaha au uchungu, na hukumu kamili bado inangojewa.

Walutheri, Waanglikana, Wapresbiteri, Wabaptisti na Wapentekoste walio wengi husema aliyemwamini Kristo yuko pamoja naye sasa, wakitumia Wafilipi 1:23 na 2 Wakorintho 5:8. Ungamo la Westminster la mwaka 1646, msingi wa Wapresbiteri, linatamka kabisa kwamba roho hazifi wala hazilali. Kulikuwa na sababu ya kulikazia hilo. Luther mwenyewe alizungumza mara nyingi juu ya kifo kama usingizi mzito, na mwanamageuzi mwenzake Calvin aliandika kitabu kizima kuwapinga waliosema roho zinalala.

Wasabato wanasema hakuna roho inayobaki hai nje ya mwili. Mtu ni mavumbi pamoja na pumzi ya uhai (Mwanzo 2:7). Pumzi ikitoka, mawazo yake hupotea siku hiyo hiyo (Zaburi 146:4), na "wafu hawajui neno lo lote" (Mhubiri 9:5). Kwa aliyelala, tangu kufumba macho hadi kusikia parapanda hakuna muda anaouhisi, hata kama imepita miaka elfu mbili. Mashahidi wa Yehova wanafanana nao katika hili, lakini wanaachana nao kwingi (swali la 14).

Tofauti hizi utazisikia kwenye sala za kaburini. Mkatoliki atasema "Raha ya milele umpe ee Bwana." Mlutheri atashukuru kwa maisha ya marehemu na kumkabidhi mikononi mwa Mungu. Msabato atawaombea wafiwa, basi.

5. "Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Hapo si pamekwisha?

Kwa anayesoma Luka 23:43 katika tafsiri zetu zilizozoeleka, ndiyo: mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Yesu alifika siku ile ile. Wasabato na Mashahidi wa Yehova hujibu kwamba hati za kale za Kigiriki hazikuwa na alama za mkato, hivyo neno "leo" linaweza kwenda na "nakuambia." Tena, wanasema, Jumapili asubuhi Yesu alimwambia Mariamu Magdalene kwamba bado hajapaa kwenda kwa Baba (Yohana 20:17).

Upande wa pili hujibu kwamba Yesu husema "Amin, nakuambia" mara nyingi sana katika Injili, na kwingine kote neno la wakati halibandikwi hapo. Hoja hii ina uzito kuliko ile ya alama za mkato. Hata hivyo, aya moja haitoshi kumhamisha mtu upande wowote. Kila upande unaisoma kwa mwanga wa maandiko yaliyotajwa katika swali la 4.

6. Habari ya tajiri na Lazaro je?

Luka 16:19-31. Wanaoamini roho inaishi baada ya kifo huiona kama picha ya hali halisi. Wasabato huihesabu kuwa mfano wenye lengo lingine, yaani onyo kwa wasiomsikiliza Musa na manabii. Hata wasio Wasabato wengi hawaichukui neno kwa neno. Ukifanya hivyo, itabidi ukubali kwamba walioko mbinguni na walioko motoni hupiga soga.

7. Watakatifu na wazee wetu waliotangulia wanatusikia?

Jibu linafuata msimamo wako katika swali la 4. Wakatoliki na Waorthodoksi: watakatifu wanatusikia kwa uwezo wa Mungu, na tunawaomba watuombee. Waprotestanti wengi: wako na Kristo, lakini hakuna agizo la kuzungumza nao. Wasabato: hawasikii lolote.

Tambiko la kumwagia wazee pombe au maziwa ni suala jingine. Hakuna kanisa kati ya hayo linalolihesabu kuwa sawa na kumwomba mtakatifu, hata kama majirani huona yanafanana.

## Toharani na sala kwa marehemu

8. Toharani ni nini hasa?

Ni utakaso wa mwisho wa waliokufa katika urafiki na Mungu lakini bado wana mabaki ya dhambi: dhambi nyepesi, au adhabu za muda za dhambi zilizokwisha kusamehewa. Mitaguso (mikutano mikuu ya maaskofu) ya Lyon (1274), Florence (1439) na Trento (1563) ndiyo iliyoliweka fundisho hili katika maneno rasmi.

Kosa la kawaida ni kuidhani nafasi ya pili, kama mtihani wa marudio. Aliyemo toharani ameshaokoka, na njia yake ni moja tu, kwenda mbinguni. Kosa jingine ni kuihesabu kwa miaka. "Siku 300" zilizochapwa kwenye vitabu vya zamani vya sala zilikuwa kipimo cha kitubio cha Kanisa la kale, na Papa Paulo VI alikiondoa kipimo hicho mwaka 1967.

9. Andiko lake liko wapi, na kwa nini Waprotestanti wanalikataa?

Andiko kuu ni 2 Wamakabayo 12:39-46. Baada ya vita, Yuda Makabayo alikwenda kuzika askari wake akakuta chini ya nguo za kila mmoja hirizi za sanamu za Yamnia. Alichanga drakma 2,000 za fedha akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka ya dhambi kwa ajili yao, na mwandishi anamsifu kwa kuwa alikuwa akifikiria ufufuo.

Kitabu hicho kimo katika Biblia za Kikatoliki na Kiorthodoksi lakini hakimo katika Biblia ya Kiprotestanti yenye vitabu 66. Kwa hiyo ndugu wawili wanaweza kubishana usiku kucha, kila mmoja akiwa na Biblia isiyo sawa na ya mwenzake. Waprotestanti huongeza hoja mbili: damu ya Kristo inatosha kutakasa dhambi yote (1 Yohana 1:7), na baada ya kufa ni hukumu (Waebrania 9:27). Ibara ya 22 ya zile 39 za Waanglikana (1571) inaikataa toharani waziwazi, ingawa Waanglikana wa mrengo wa juu huwaombea marehemu.

10. Waorthodoksi huwaombea wafu bila kuamini toharani. Inawezekanaje?

Kwao, sala ni tendo la upendo lisilokatishwa na kifo, na hawaoni haja ya kueleza inavyofanya kazi. Walichokataa Florence ni moto wa utakaso na mahesabu ya adhabu. Wana siku ya 3, ya 9 na ya 40, pamoja na kumbukumbu ya mwaka, na hupika ngano iliyochemshwa na kutiwa utamu, ishara ya mbegu inayokufa ili izae (Yohana 12:24).

11. Nifuate utaratibu gani kumwombea marehemu Misa, au kumpatia rehema kamili?

Misa: nenda ofisi ya parokia, jina liandikwe kwenye daftari la nia, ukubaliane tarehe. Kiasi cha sadaka hupangwa na maaskofu wa jimbo kuu (kanuni 952 ya Sheria ya Kanisa Katoliki), na padre hana ruhusa ya kudai zaidi. Asiye na uwezo asiogope kuomba. Sheria inawahimiza mapadre kumwadhimishia maskini hata bila sadaka. Orodha ya majina kumi katika bahasha moja ni nia moja, na Misa ni moja. Malalamiko mengi hutokea hapa, kwa sababu familia hudhani imelipia Misa kumi.

Rehema kamili kwa marehemu, yaani kuondolewa adhabu zote za muda (swali la 8), hupatikana kila siku kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba kwa kutembelea makaburi na kuwaombea waliolala humo. Masharti: kuungama (ndani ya siku kama 20 kabla au baada), kupokea Komunyo, kusali kwa nia za Papa (Baba Yetu na Salamu Maria zinatosha), na kutoshikilia dhambi yoyote moyoni, hata nyepesi. Ungamo moja linatosha kwa rehema kadhaa. Komunyo ni kila mara upya. Huwezi kupata zaidi ya moja kwa siku, na sharti likipungua, rehema inabaki isiyo kamili.

12. Arobaini ni ya Kikristo?

Si amri katika madhehebu ya Roma wala kwa Waprotestanti. Waorthodoksi ndio walio nayo ndani ya ibada yao (swali la 10). Afrika Mashariki, arobaini ya Wakristo ni desturi ya jamii, na Waislamu majirani nao wanayo. Parokia nyingi huipokea kwa kuweka Misa siku hiyo. Wachungaji wengi wa Kipentekoste huikataa, au huigeuza ibada ya shukrani.

## Siku ya mwisho

13. Ufufuo ni mmoja au miwili? Na unyakuo?

Yohana 5:28-29 inasomeka kama saa moja ya wote. Ufunuo 20 inataja ufufuo wa kwanza na miaka elfu katikati. Wakatoliki, Waorthodoksi, Walutheri na Waanglikana walio wengi humfuata Augustino: miaka elfu ni picha ya wakati wa Kanisa, na ufufuo wa wote ni mmoja. Ungamo la Augsburg (1530), ibara ya 17, linakataa ufalme wa watakatifu duniani kabla ya ufufuo.

Wasabato wana miwili. Yesu akirudi, waliolala katika yeye hufufuka na kwenda mbinguni pamoja na walio hai. Dunia hubaki tupu miaka 1,000, Shetani akiwa hana wa kumdanganya. Kisha waovu hufufuka, na moto huwamaliza.

Wapentekoste wengi hufundisha kwanza unyakuo, yaani waamini kuchukuliwa mawinguni kwa siri, kisha dhiki ya miaka saba, ndipo Kristo arudi kutawala duniani miaka 1,000. Mpangilio huu ni mchanga kuliko wengi wanavyodhani: ulienezwa na John Nelson Darby kuanzia miaka ya 1830, na Biblia yenye maelezo ya Scofield (1909) ikausambaza. 1 Wathesalonike 4:17 inataja kunyakuliwa mawinguni, na wote wanalikubali andiko hilo. Hoja ya siri na ile miaka saba ndiyo isiyokubaliwa na wengine.

14. Mashahidi wa Yehova wanaamini nini kuhusu wale 144,000?

Kwamba 144,000 tu ndio watakaotawala na Kristo mbinguni, na waaminifu wengine wote wataishi milele katika paradiso hapa duniani, wakiwemo watakaofufuliwa. Wanafundisha pia kwamba Yesu alifufuliwa akiwa kiumbe wa roho, bila mwili wa nyama. Kwa hili na kwa kuukataa Utatu, makanisa mengi hayawahesabu kuwa wenzao, wala wao hawashiriki ibada za makanisa mengine.

15. Jehanamu ni mateso yasiyokwisha?

Makanisa mengi husema ndiyo, kwa Mathayo 25:46, ambapo neno la uzima "wa milele" ndilo hilo hilo la adhabu. Kanisa Katoliki linaongeza jambo ambalo husahaulika: halijawahi kumtangaza mtu yeyote kwa jina kuwa yuko motoni.

Wasabato na Mashahidi wa Yehova husema waovu wataangamizwa, na cha milele ni matokeo. Wasabato hutoa mfano wa Yuda 7: Sodoma iliadhibiwa kwa "moto wa milele," wala hauwaki leo. John Stott, Mwanglikana aliyeheshimiwa sana, alikiri mwaka 1988 kwamba anaelemea huko. Wapo pia waliotumaini kwamba mwishowe wote wataokoka, tangu Origene hadi Gregori wa Nisa. Mafundisho ya Origene yalilaaniwa katika karne ya 6. Gregori amebaki mtakatifu.

## Mwili na kaburi

16. Aliyeliwa na samaki au kuteketea kwa moto atafufukaje?

Kama wengine. Hakuna kanisa linalofundisha kwamba Mungu anahitaji mifupa yote ipatikane. Mwili wa ufufuo ni ule ule kwa mwenyewe, lakini umebadilishwa (1 Wakorintho 15:42-44). Yesu mfufuka alikuwa na makovu, alikula samaki wa kuokwa, na bado aliingia milango ikiwa imefungwa.

17. Kuchoma maiti kunaruhusiwa?

Kanisa Katoliki liliruhusu mwaka 1963, mradi sababu isiwe kuukana ufufuo. Kuzika bado kunapendekezwa. Waraka wa mwaka 2016 unakataza kumwaga majivu, kuyagawa au kuyaweka nyumbani. Desemba 2023 Roma ililegeza kidogo: kwa masharti, sehemu ndogo inaweza kutunzwa mahali penye maana kwa marehemu. Waprotestanti na Wasabato hawana katazo la kimafundisho. Waorthodoksi wanakataa.

Kwetu kizuizi kikubwa ni ukoo kuliko teolojia. Mwili wa Manasses Kuria, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Waanglikana wa Kenya, ulichomwa mwaka 2005, na mjadala ulikuwa mkali, ingawa kanisa lake halikuwa na sheria inayokataza.

## Visa vigumu

18. Baba alikuwa Mkatoliki, sisi watoto ni Wasabato. Nani aongoze mazishi?

Kanisa la marehemu, kwa kawaida. Anzeni kwa mwenyekiti wa jumuiya yake kabla ya paroko, kwa sababu paroko atamuuliza yeye kwanza. Tafuteni cheti cha ubatizo. Kisha angalieni tarehe: Wasabato hukwepa kuzika Jumamosi, na Misa ya mazishi haiadhimishwi Alhamisi Kuu hadi Jumapili ya Pasaka, sikukuu za amri, wala Jumapili za Majilio, Kwaresima na Pasaka. Siku hizo mazishi bila Misa yanawezekana.

Kinachoharibu ni neno la shukrani. Mtoto husimama kutoa shukrani akaishia kuhubiri kwamba mzee amelala na sala alizoombewa hazina maana. Au katekista humjibu. Kubalianeni kabla ratiba haijachapwa: nani anahubiri, nani anashukuru, kwa dakika ngapi. Wasio Wakatoliki hubaki kwenye viti wakati wa Komunyo, na ni vyema litangazwe kwa upole mapema.

Kisa cha upande wa pili kipo pia: kanuni 1183 inamruhusu askofu kumpa Mkristo asiye Mkatoliki mazishi ya Kikatoliki kama mchungaji wake hapatikani na marehemu hakuwa amekataa.

19. Aliyejiua anazikwa kanisani?

Sheria ya Kikatoliki ya mwaka 1917 ilikataza; ya mwaka 1983 imeliondoa katazo hilo, na Katekisimu inatambua kwamba hofu kuu au maradhi ya akili hupunguza hatia. Kitabu cha sala cha Waanglikana cha mwaka 1662 nacho kilikataza, na vitabu vipya vingi vimelegeza. Ukikataliwa, omba uelezwe ni kanuni ipi inayotumika, na inapobidi mwone askofu. Mara nyingi utakuta ni desturi ya mahali.

20. Mtoto aliyekufa bila ubatizo?

Limbo, yaani mahali palipodhaniwa kuwa pa watoto kama huyo, haikuwahi kuwa fundisho la lazima, na Tume ya Kimataifa ya Teolojia ya Roma iliandika mwaka 2007 kwamba kuna msingi wa kutumaini wokovu wake. Wazazi waliokusudia kumbatiza wanaweza kuomba mazishi ya Kanisa kwa ruhusa ya askofu. Kwa Wabaptisti, Wapentekoste na Wasabato, wasiobatiza watoto wachanga, swali hili halipo.

21. Kubatizwa kwa ajili ya wafu ni nini?

Paulo anakutaja katika 1 Wakorintho 15:29 bila kukueleza. Leo wanaojulikana zaidi kwa kukufanya ni Wamormoni, tangu mwaka 1840. Aliye hai huzamishwa kwa niaba ya marehemu, ndani ya hekalu tu. Kinshasa wanalo tangu 2019. Kwao marehemu ana hiari ya kukubali au kukataa.

22. Marehemu mama ananijia ndotoni na kuniagiza mambo. Nifanye nini?

Kisa cha mfalme Sauli kumwendea mwanamke wa Endori amwitie marehemu Samweli (1 Samweli 28) ndicho hurejewa. Wasabato husema aliyetokea ni pepo aliyejifanya Samweli, kwa kuwa wafu hawajui lolote. Wengine wengi husema Mungu aliruhusu Samweli mwenyewe aje, kwa hukumu ya Sauli. Wote wanakubali Kumbukumbu la Torati 18:10-11: kutafuta kuongea na wafu kumekatazwa, kwa mganga au kwa njia nyingine.

Ndoto iliyokuja yenyewe si dhambi, na kwa mfiwa ni jambo la kawaida. Padre atakushauri umtolee mama Misa, mchungaji atakuombea wewe, na mzee wa Kisabato atakusomea Mhubiri 9. Agizo likiwa la fedha, shamba au kumshuku ndugu kwa uchawi, usilitekeleze kabla hujaongea na mmoja wao.